Mwanza hadi Bukoba: Ziwa Ndilo Lenye Saa

Ukichora mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka Uwanja wa Ndege wa Mwanza hadi ule wa Bukoba, unapata kilomita 175 hivi, nyingi zikiwa juu ya maji ya Ziwa Victoria. Kwa kasi ya kilomita 500 kwa saa, ndege ya ATR ingezimaliza kwa dakika 21. Lakini safari hiyo hupangiwa kama dakika 40 hadi 45.

Ratiba huanza kuhesabu ndege inapoondoka kwenye maegesho, si magurudumu yanapoacha ardhi. Na katika safari fupi namna hii, ndege haijakaa sawa angani kabla rubani hajaanza kushuka, hivyo ile kasi kubwa hutumika kwa muda mfupi tu.

Hata hivyo, dakika 45 ni neema. Kwa barabara, kupitia Geita na Biharamulo, ni zaidi ya kilomita 400, ingawa Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limewaondolea wasafiri foleni ya kivuko. Meli nayo huondoka jioni ikafika asubuhi.

Kinachoivuruga safari hii ya anga ni hali ya hewa. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, pepo za pande zote zikavuma kuelekea ziwani, zikakutana katikati na kupanda juu kuwa mawingu ya radi. Kukipambazuka, upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo hadi pwani ya Mkoa wa Kagera, iliko Bukoba. Ndiyo maana Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ndiyo maana anga ya Mwanza inaweza kuwa nyeupe huku Bukoba imefunikwa gubigubi.

Rubani anayefika huko hana nafasi ya kubahatisha. Njia ya kurukia ya Bukoba ina urefu wa takriban kilomita moja na nusu, chini ya nusu ya ile ya Mwanza, na mbele yake ni ziwa.

Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi ya mvua, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikijaribu kutua hapo. Ilikuwa na watu 43. 19 walipoteza maisha, marubani wote wawili wakiwemo. Wavuvi waliokuwa karibu waliwahi na mitumbwi yao wakaanza kuokoa watu. Kwa wakazi wa kanda hii, msiba huo ulitonesha kidonda cha MV Bukoba, meli iliyozama Mei 21, 1996 ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, na kuua mamia.

Basi ndege inapozuiwa Mwanza asubuhi, au inapofika hadi Bukoba ikageuza, abiria hawajacheleweshwa bure. Wanastahili kuambiwa wazi kwamba ni mawingu, tena waambiwe mapema, kabla aliyekuja kuwapokea hajatoka nyumbani.

Mpango wa kujenga uwanja mpya Omukajunguti, wilayani Missenyi, umezungumzwa kwa miaka mingi. Uwanja wa huko hautaupunguza mstari wa kwenye ramani wala kuzuia mvua, lakini utampa rubani njia ndefu zaidi ya kutulia.