Nani Atashika Shamba Baada Yako?

Bwana Mkulima, shamba lako si udongo na ng'ombe tu. Ni biashara ya jamaa, na biashara ya jamaa huweza kufa pamoja na mwenyewe.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, John Ward, alichunguza habari za viwanda 200 vya jamaa katika jimbo la Illinois, tangu mwaka 1924 mpaka 1984. Katika kitabu chake cha mwaka 1987 alionyesha kwamba 13 tu katika kila 100 vilikuwa bado mikononi mwa jamaa zile zile. Vingine vilifungwa, vingine viliuzwa. Shauri lake ni kwamba jamaa wapange mapema.

Hapa ofisini huja wana wa marehemu wasiojua deni lililobaki wala stakabadhi zilipo. Baba alijua yote, lakini hakumwambia mtu.

Basi fanya hivi. Kwanza, andika katika daftari deni, mapato na matumizi. Pili, mwonyeshe mkeo na watoto, wa kiume na wa kike, mahali hati zilipo. Tatu, kubalianeni nani atasimamia kazi, ili shamba lisikatwe vipande visivyoweza kulisha mtu.

Ukingoja mpaka uugue, umechelewa.