Andika Jina Nyuma ya Picha

Mwaka jana, nikivuka kwenda Unguja, simu ilinitumbukia baharini. Simu niliisahau upesi. Kilichoniuma ni picha za mwanangu alipoanza kutambaa. Zilikuwa humo tu, si kwingine.

Jioni ile shangazi yangu alinitolea bahasha ya kaki aliyoihifadhi kabatini katikati ya kanga. Ndani mlikuwa na picha ya bibi, nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja, iliyopigwa Capital Art, studio aliyoifungua Ranchhod Oza mjini Unguja mwaka 1930. Bibi amesimama, mkono umeng'ang'ania ukingo wa meza. Pembe moja imeingia madoa ya unyevu, lakini uso unaonekana wazi.

"Na huyu mtoto ubavuni mwake?"

Shangazi akaigeuza picha. Nyuma hapakuwa na neno. Akaisogeza dirishani, akaitazama kitambo. "Simkumbuki, mwanangu."

Bahari ilichukua picha zangu. Mtoto yule tunaye mkononi na bado amepotea. Ndiyo maana sasa nazitunza picha pamoja na majina ya waliomo.

Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, basi mwombe ndugu anayekutumia aitume kama faili, ifike nzima. Ukitaka kusafisha picha ya sentimita 10 kwa 15, iwe na pikseli zipatazo 1,200 kwa 1,800. Ikipungua sana hutoka na ukungu. Weka nakala tatu: moja kwenye simu, moja kwenye kompyuta au diski, na ya tatu mbali na nyumbani, kwa ndugu au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Moto au mwizi akiingia kwako, hatazifikia zote.

Zilizosafishwa usizibandike kwenye albamu za kurasa zenye gundi, kwani gundi huila karatasi na kuigeuza manjano. Ziepushe na jua na kuta zenye unyevu, hasa sisi wa pwani. Nyuma andika kwa penseli laini, bila kukandamiza, maana wino wa kalamu huweza kupenya hadi mbele: nani, wapi, mwaka gani.

Wiki hii chagua picha kumi, uzipeleke studio. Kisha kaa na mzee wa ukoo wenu, umwoneshe nyuso moja moja, na penseli iwe mkononi. Usingoje sikukuu. Mzee akiondoka, majina huondoka naye.