Siku Kumi na Moja za Mwisho Vellore

Alhamisi ya tarehe 22 Mei 2014, daktari aliyekuwa akimtibu mume wangu alifunga faili, akatutazama, akasema kwa Kiingereza cha polepole kwamba sasa tunaweza kukata tiketi ya kurudi nyumbani. Mwalimu, maana ndivyo watu wote wa Namanyere wanavyomwita mume wangu na hata mimi nimezoea hivyo, alicheka kwa sauti hadi wagonjwa waliokaa kwenye benchi la nje wakageuka kututazama. Mimi nililia. Yeye alidhani ni machozi ya furaha, akanipa leso yake.

Akina mama wenzangu, haikuwa furaha tupu. Tulikuwa tumekaa katika mji wa Vellore, kusini mwa India, tangu mwezi Januari. Miezi yote hiyo kulikuwa na jambo moja nililoliahirisha, na niliweza kuliahirisha kwa sababu nyumbani kulikuwa mbali. Sasa zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Jambo lenyewe ni hili. Figo iliyokuwa ikifanya kazi mwilini mwa mume wangu ilikuwa yangu, na mama yangu mzazi, aliyebaki Namanyere akiwalea watoto wetu watatu, hakujua.

Tulivyofika huko

Figo za Mwalimu ziliharibiwa na shinikizo la damu ambalo hakuwahi kulipima. Alikuwa akisema kichwa kinamuuma kwa sababu ya kelele za wanafunzi. Wakati tunapelekwa Dar es Salaam alikuwa amevimba miguu na uso, na kwa miezi kadhaa aliishi kwa kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, huku tumejibanza kwa ndugu yake. Wakati ule upandikizaji wa figo ulikuwa haujaanza kufanyika nchini. Muhimbili ilianza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka uliofuata. Sisi tulilazimika kwenda nje. Ng'ombe waliuzwa, kiwanja kikauzwa, jumuiya na WAWATA wa parokia wakachanga.

Ndugu zake wawili walipimwa, hawakufaa. Nilipimwa mimi, nikafaa. Wengi hudhani mtoaji wa figo ni lazima awe ndugu wa damu. Si lazima. Kinachotazamwa ni kama makundi ya damu yanapatana, kama damu ya mgonjwa haitaishambulia figo ya mtoaji, na kama mtoaji mwenyewe ana afya ya kubaki na figo moja. Mke anaweza kumfaa mume, na mume mke.

Hospitali tuliyokwenda inaitwa Christian Medical College. Ilianzishwa mwaka 1900 na mwanamke, Daktari Ida Scudder, binti wa wamisionari wa Kimarekani, na habari zake ziliwahi kunikosesha usingizi. Alipokuwa msichana, amekuja India kumwuguza mama yake tu na bila nia ya kubaki, usiku mmoja walifika wanaume watatu kwa nyakati tofauti, kila mmoja akimwomba aje amsaidie mkewe aliyeshindwa kujifungua. Ida hakuwa mganga. Baba yake alikuwa daktari, lakini desturi zao hazikuruhusu mwanamume wa nje kumgusa mwanamke. Kulipokucha wanawake wote watatu walikuwa wamekufa. Akaenda Marekani kusomea udaktari, akarudi. Mwaka 1971 hospitali hiyo hiyo ilipandikiza figo kwa mafanikio, ya kwanza kufanikiwa katika India nzima.

Mimi nilikuwa na dada aliyekufa kwa uzazi. Ndiyo sababu sikumwambia mama. Alikuwa amekwisha kuzika binti mmoja, nami nilijua kwamba nikimwambia nakwenda kupasuliwa nikiwa mzima, angekaa mlangoni nisipite.

Sheria ya India ya mwaka 1994 inakataza biashara ya viungo vya binadamu, na mgeni hapandikizwi figo mpaka apite mbele ya kamati. Tulipeleka barua ya ubalozi na cheti chetu cha ndoa, kile tulichokiweka miaka yote chini ya godoro bila kukithamini. Kamati ilinihoji peke yangu. Waliniuliza kama nimelazimishwa, nikasema hapana, na hiyo ilikuwa kweli. Waliniuliza kama wazazi wangu wanajua. Nikasema ndiyo.

Nililala na uongo huo miezi mitatu.

Chumba cha juu

Kuzunguka hospitali ile kuna vijumba vingi vya kupangisha, vyenye jiko dogo, kwa ajili ya wagonjwa wanaotoka mbali. Majirani zetu wengi walikuwa watu wa Bengal. Chumba chetu kilikuwa orofa ya pili, na mwezi Mei joto la Vellore hupanda hadi kupita nyuzi 40, hata ukuta ukiushika unachoma. Sisi tuliozaliwa kwenye uwanda wa Ufipa, ambako mwezi Juni watu huota moto jioni, tulikuwa tunamwagia maji sakafu ndipo tulale.

Kitu kimoja kilitufariji. Watu wa sehemu zile hula wali, lakini wana pia unga wa ulezi, nao huusonga mgumu kama sisi, wakauita *kali*. Siku mama mwenye nyumba aliponionyesha nilipiga kigelegele. Mume wangu alikula ugali wa ulezi nchi ya ugenini, kama ule aliokula kwa bibi yake kule Chala.

Siku zile za mwisho zina kazi zake, na ni kazi ya mama. Nilinunua dawa za miezi mitatu. Mtu aliyepandikizwa figo humeza kila siku dawa za kuzuia mwili usiikatae figo ngeni, na hizo hazikosi hata siku moja maisha yake yote. Mwalimu alimeza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na simu yetu ilipiga kengele saa hizo. Nilizigawa katika mifuko miwili, yote ya kubeba mkononi ndegeni, kwa sababu sanduku likipotea njiani dawa zimepotea. Niliomba barua ya daktari ya kuonyesha viwanja vya ndege. Niliandika kwenye daftari yale niliyoambiwa: maji yachemshwe, mboga mbichi zisiliwe kwanza, balungi lisiliwe kabisa kwa kuwa huzidisha nguvu ya dawa mwilini, na asishike samadi wala kuingia zizini miezi ya mwanzo. Ya kwangu pia yalikuwepo: kupima shinikizo la damu na mkojo kila mwaka, kutotumia ovyo dawa za maumivu kama diklofenaki, na kutoshika mimba mpaka baada ya mwaka mmoja hivi.

Sufuria hazirudi nyumbani. Pale kuna desturi kwamba anayeondoka humwachia anayekuja. Zangu nilizipokea kwa mama mmoja wa Kibengali, nami nikampa kijana aliyemleta baba yake. Hatukuelewana lugha. Nilimwonyesha ipi ina kishikio kibovu.

Tulichogombania

Usiku wa Ijumaa tuligombana. Daktari alitaka Mwalimu apimwe damu kila wiki miezi ya mwanzo, kutazama kiasi cha dawa na kazi ya figo, na kipimo kile cha dawa hakikupatikana Namanyere wala Sumbawanga. Nilisema tukae Dar es Salaam kwanza. Yeye akasema anakwenda moja kwa moja nyumbani. Ni wakati wa kuvuna mahindi, watoto hajawaona miezi mitano, na watu wanasema amekwisha kufa au amerogwa. Akasema, "Nimechoka kuwa mgonjwa wa nyumba za watu."

Nilimkumbusha barabara. Mwaka ule ile ya kutoka Sumbawanga ilikuwa bado inajengwa, vumbi tupu. Homa ikimshika usiku, nitampeleka wapi? Akasema mwili ni wake.

Nikamjibu, "Lakini figo ni yangu."

Wapendwa, kuna maneno ambayo mtu akiyatoa hawezi kuyarudisha. Mwalimu hakusema kitu. Alivaa viatu, akatoka, akaenda kukaa kwenye ngazi. Saa mbili ilipogonga nilimpelekea dawa na maji, akameza bila kunitazama. Ilikuwa hivyo Jumamosi nzima.

Kabla ya upasuaji, muuguzi mmoja mtu mzima alikuwa amenikalisha chini akaniambia kwamba watoaji wengine huja kuumia rohoni kuliko mwilini, kwa sababu wanaendelea kukilinda kile walichotoa kama mkopo. Wakati ule niliona ananihubiria bure. Jumamosi ile nilimkumbuka. Nilikuwa nimempa mume wangu figo halafu nikamdai siku ya kwanza tuliyokosana.

Jumapili tulikwenda Misa katika kanisa kuu la Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Viatu tuliviacha nje, Misa ilikuwa ya Kitamil na sikuelewa zaidi ya majina ya watakatifu. Wakati wa kutakiana amani, kule watu hukunja viganja na kuinama. Niliinama mbele ya mume wangu nikasema kwa Kiswahili, "Nisamehe. Ni yako." Akasema, "Tutakaa Dar miezi mitatu. Lakini watoto waje." Hapo nikaona kwamba alikuwa ameamua tangu kwenye ngazi, alikuwa akingoja tu nisimdai.

Basi ikabaki deni langu. Saa saba mchana, ambayo Namanyere ni saa nne na nusu asubuhi, nilimpigia mama nikijua ametoka Misa ya kwanza. Nilimwambia yote, hata ule uongo kwa kamati. Alikaa kimya, nikasikia kuku na sauti ya mwanangu mdogo. Kisha akauliza, "Upande gani?"

"Kushoto, mama."

"Ungekufa, ningewaambia nini hawa watoto wako?" Akakata simu.

Nilipiga tena, hakupokea. Jumatatu jioni nyumba nzima ilikusanyika chini kwenye televisheni kumwona Narendra Modi akiapishwa kuwa Waziri Mkuu, watu wanapiga makofi, nami niko juu napiga simu. Hakupokea. Jumanne, Jumatano vivyo hivyo. Shemeji akaniambia kwa simu kwamba mama anawapikia watoto na kuwaogesha kama kawaida, ila hazungumzi na mtu. Sikumlaumu. Nilikuwa nimeamua juu ya mwili aliouzaa nikamfanya yaya tu. Nilikuwa na haki ya kutoa, sikuwa na haki ya kumficha. Nasema hivi kwa sababu nimekwisha kuulizwa na akina mama wawili wanaotaka kutoa figo kwa siri, nami nimewajibu wote kwamba waseme kwanza nyumbani, hata kama kutakuwa na kilio.

Usiku wa Jumapili ya mwisho mama mwenye nyumba alitupikia. Asubuhi ya tarehe 2 Juni, teksi ya kwenda stesheni ya Katpadi ikingoja, nilimwambia kwa Kiingereza changu kibovu, kwaheri, nakwenda. Akaniziba mdomo kwa mkono. Mtu wa Kitamil anayeaga hasemi anakwenda, ni mkosi. Husema *poyittu varen*, yaani nakwenda kisha narudi. Nilirudia mara tatu mpaka nikapatia. Mwalimu akasema yeye hapendi kurudi hata kwa bahati mbaya, tukacheka wote ingawa mwenye nyumba hakuelewa. Kwa treni hadi Chennai ni kama saa mbili, nasi tukaipanda ndege usiku.

Dar es Salaam tulifikia kwa yule yule ndugu yake. Siku ya nne, jioni, mlango uligongwa. Alikuwa mama, na watoto watatu, na mfuko wa unga wa ulezi, na migebuka mikavu imefungwa kwenye gazeti. Walikuwa wamesafiri kwa mabasi siku mbili, na hakuwa amemwambia mtu.

Hakunisalimu. Alinishika mkono, akaniingiza chumbani, akafunga mlango. "Nionyeshe." Nikainua blauzi. Alilitazama kovu muda mrefu, akapitisha kidole, akafunga blauzi mwenyewe kama nilivyokuwa mtoto.

Mwalimu alikuwa sebuleni na watoto wamemlalia. Kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani hivyo, wala mama hakuwahi kukaa naye chumba kimoja. Alisimama kwenye kizingiti, akatazama pembeni. Simu ikapiga kengele.

"Mkwe," mama akasema, "hiyo kengele ni ya nini? Ni ya dawa? Basi meza, nikiona."