Nyansiongo hakuna barafu, lakini vizibo vya injini vinatoboka

Barabara ya Keroka kwenda Sotik ikifika Nyansiongo hubeba kila aina ya gari: lori la majani mabichi ya chai linalokimbilia kiwandani, Probox iliyojaa abiria hadi buti, pikapu ya maziwa. Na lalamiko analolisikia fundi halibadiliki sana: "Fundi, gari linakunywa maji." Rejeta haivuji, mipira mizima, gasketi ya hedi haijaungua, na bado kila asubuhi dereva anaongeza maji. Basi fundi huinama na tochi ubavuni mwa bloku, chini ya bomba la moshi. Hapo ndipo huonekana mchirizi wa kutu uliokaukia kwenye chuma, ukianzia kwenye kijisahani cha bati chenye upana kama wa kifuniko cha soda.

Kijisahani hicho ni kizibo cha bloku. Wazungu wamekipa jina la barafu, kwa imani kwamba maji yakiganda ndani ya injini kizibo hufyatuka na kuiokoa bloku isipasuke. Kweli maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na kweli kizibo huweza kufyatuka. Lakini mara nyingi bloku hupasuka vilevile. Kazi yake halisi ilianzia kiwandani. Bloku ya chuma husubiwa kwenye kalibu yenye viini vya mchanga, na viini hivyo ndivyo vinavyoacha njia za maji kuzunguka silinda. Mchanga lazima utoke, nao hutokea kwenye matundu ambayo baadaye huzibwa kwa vibati hivi.

Huku kwetu Borabu, iliko Nyansiongo, juu ya mita 1,800, baridi ya alfajiri inauma lakini haigandishi injini. Kinachoua kizibo ni maji matupu. Dereva huchota mtoni au bombani, akajaza rejeta, akaenda zake. Kila maji mapya huja na oksijeni mpya, na oksijeni hula chuma. Ukuta wa bloku ni mnene, unaweza kuvumilia miaka. Kibati ni chembamba, hutoboka kwanza, tena kutoka ndani, mahali asipopaona mtu. Kwa mwinuko huu maji yasiyo na shinikizo huchemka kabla ya kufika nyuzi 95, na injini yenyewe hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Tundu dogo likishusha shinikizo, mlima mmoja tu unatosha kulichemsha gari.

Kukitoa kizibo si kazi ya nguvu. Injini ipoe kabisa, maji yamwagwe, kisha patasi butu iwekwe ukingoni mwa kizibo, upande mmoja tu, na kugongwa kwa nyundo mpaka kigeuke ubavu ndani ya tundu lake. Kikishasimama ubavu, kinabanwa kwa koleo na kuvutwa nje. Mwenye pupa hukigonga katikati, kikaingia chote ndani, na nyuma yake upo ukuta wa silinda. Kukiacha humo ndani ni kujitafutia kesi nyingine.

Tundu likiwa wazi, lisuguliwe kwa msasa laini hadi chuma king'ae, maana kutu iliyobaki itaivujisha kazi yote. Hapa ndipo mafundi wengi wenye haraka huharibu. Kizibo kipya kiwe cha kipimo kilekile, si cha kukadiria kwa macho. Cha shaba njano hakiliwi na kutu kama cha bati, na kama kinapatikana, bei yake ya ziada inalipa. Hupakwa gundi ya kuzuia maji, safu nyembamba, kisha husukumwa kwa soketi inayoingia ndani yake bila kubana, kikigongwa kikiwa kimenyooka hadi mdomo wake uzame kidogo tu ndani ya ukingo wa tundu. Kikienda upande, kitoe uanze na kingine. Kilichopinda hakirudiwi.

Kipo pia kizibo cha mpira chenye bolti ya kukitanua. Kinakufikisha nyumbani, nami nakisifu kwa hilo tu. Kizibo kilicho nyuma ya injini ndicho chenye gharama, kwa sababu giaboksi lazima ishuke. Kibati ni bei ya chai, kazi ni ya siku nzima.

Ila kubadilisha kimoja na kurudisha maji ya mto ni kupoteza pesa, kwa kuwa vingine vilivyomo ni vya umri uleule na vimekunywa maji yaleyale. Osha njia za maji, jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, toa hewa yote, na usikubali fundi akutolee themostati ati gari lipoe. Wenye magari husema kulanti ni ya nchi za theluji. Dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani yake ndiyo inayohitajika Nyansiongo, nayo huisha nguvu, kwa hiyo ibadilishwe kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari.

Na kulanti ya zamani isimwagwe kwenye nyasi za malisho wala mtaroni. Ina utamu, mbwa na watoto huionja, na ni sumu inayoua figo.