Fonti ikibadilika, lebo huharibika: namna ya kuitambua na kupata mbadala

Mfanyabiashara wa Arusha anayechapisha mifuko ya unga Nairobi hutuma mchoro wake kwa barua pepe, na hapo ndipo hasara inapoweza kuanza.

Kompyuta ya mchapaji isipokuwa na fonti iliyotumika kwenye mchoro, huweka nyingine. Baadhi ya programu hutoa onyo, nyingine hunyamaza. Fonti hiyo ikiwa pana zaidi, mstari wa uzito husukumwa chini na tarehe ya mwisho wa matumizi huweza kukatika ukingoni.

Hilo si suala la urembo. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, kinataka uzito halisi na tarehe vionekane. Mifuko ikishachapwa, gharama ya kurudia ni ya mwenye mzigo au ya mchapaji, kutegemea nani aliidhinisha sampuli.

Wasafirishaji nao hukutana na tatizo hilo kwenye ankara na orodha za mizigo zinazotumwa kama faili za Word. Safu husogea, na tarakimu ya mwisho ya kiasi hushukia mstari wa pili. Aliyeandika haoni kitu, kwa kuwa kwake fonti ipo.

Kama faili ni PDF, kujua fonti ni rahisi. Ukiifungua kwa Adobe Reader, bonyeza Ctrl na D, kisha ingia sehemu ya Fonts. Jina lenye neno Embedded mbele yake lina maana kuwa fonti imebebwa ndani ya faili na haitabadilika.

Kazi huwa ngumu pale kilichobaki ni mfuko wa zamani tu. Piga picha iliyonyooka, herufi zisigusane, uipeleke kwenye huduma ya WhatTheFont ya MyFonts. Majibu yake ni makisio, hivyo linganisha mwenyewe herufi R, G, a na t. Helvetica, ya Uswisi ya mwaka 1957, na Arial, iliyochorwa mwaka 1982 na Robin Nicholas na Patricia Saunders wa Monotype, huchanganywa kila siku. Mguu wa R ya Helvetica hushuka wima, wa Arial hukaa mshazari. Kichwa cha t ya Arial kimekatwa mshazari pia.

Katika kutafuta mbadala, wengi hutazama sura. Kinachostahili kutazamwa kwanza ni upana wa herufi. Arial ilipewa upana ule ule wa Helvetica, ndiyo maana moja hukaa mahali pa nyingine bila mistari kuruka. Mwaka 2007 kampuni ya Red Hat ilitoa fonti za bure za Liberation kwa msingi huo: Sans kwa Arial, Serif kwa Times New Roman na Mono kwa Courier New. Kwa Calibri ipo Carlito, na kwa Cambria ipo Caladea.

Montserrat, kwa upande mwingine, hufanana na Gotham machoni lakini ni pana zaidi. Ukiibadilisha, panga mistari upya.

Aidha, fonti ni mali yenye leseni. Kumtumia mchapaji faili la fonti uliyonunua kunaweza kuvunja masharti ya leseni hiyo. Zilizo chini ya SIL Open Font License, ikiwemo Montserrat, huruhusiwa kwa biashara na kugawiwa.

Ankara itumwe kama PDF yenye fonti ndani. Kwa lebo, mchoraji anaweza kugeuza herufi kuwa michoro kabla ya kutuma, ila atunze faili la asili, kwani herufi zilizogeuzwa hazihaririki kama maandishi, na bei au anuani ikibadilika mwakani zitaandikwa upya.