Karatasi ya Trafiki Haijawa Hukumu

Mwendesha bodaboda wa Nyamiaga, wilayani Ngara, akikamatwa amebeba mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, hukabidhiwa kikaratasi kilichotoka kwenye mashine ya trafiki, na kabla ya magharibi kijiwe kizima kinasema amehukumiwa elfu kumi. Hajahukumiwa. Hakuna hakimu aliyeliona jina lake. Akienda kesho yake Mahakama ya Wilaya ya Ngara kuulizia kesi yake, karani wa masjala atapekua rejista na asione kitu. Alichopewa ni taarifa ya kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. Maana yake ni fupi: askari anaamini umetenda kosa hili, ukikiri, lipa faini iliyopangwa na jambo liishie hapo, ukikana, utapelekwa mahakamani ukajibu shtaka.

Mkanganyiko mwingi kuhusu makosa ya barabarani unaanzia hapo. Mtu anahangaika kutafuta mahakamani kumbukumbu ya jambo ambalo halikuwahi kufika mahakamani. Mwingine analipa faini ya kosa analolikana, akitaka tu aachwe aendelee na safari, kisha wiki inayofuata anauliza atakataje rufaa. Rufaa hukatwa juu ya uamuzi wa mahakama, naye hana uamuzi wowote mkononi. Aliyelipa amekiri.

Kwa hiyo anayetafuta rekodi ajiulize kwanza jambo lake lilipita njia ipi. Lililoishia kwenye faini ya barabarani liko kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi wa kusimamia usalama barabarani, unaopatikana mtandaoni kwa anwani ya tms.tpf.go.tz. Unaingiza namba ya usajili wa chombo, namba ya leseni au namba ya kumbukumbu iliyo kwenye karatasi, na unaoneshwa madeni yaliyopo. Hata asiye na simu janja anaweza kusomewa na kijana wa stendi kwa dakika mbili. Faini ya kawaida ilikuwa shilingi 30,000 kwa kosa moja. Kwa pikipiki na bajaji ilishushwa hadi 10,000 katika bajeti ya mwaka 2021/22, iliyosomwa na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, Juni 2021. Naona ulikuwa uamuzi wa busara. Kwa kijana anayepeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni, elfu thelathini ilikuwa ni kumsukuma amalizane na askari pembeni. Lakini kila kosa lina faini yake: mshikaki na kutovaa kofia ngumu ni makosa mawili.

Malipo hupita kwenye namba ya malipo ya serikali, ile ambayo kila mtu huiita kontro namba, kwa simu, benki au wakala. Ukiambiwa utume pesa kwenye namba ya simu ya mtu, ujue hiyo si faini. Baada ya kulipa, rudi kwenye mfumo uhakikishe deni limeondoka, na uitunze meseji ya malipo. Muda wa kulipa ni siku 7. Ukichelewa, deni hupata nyongeza.

Deni hilo hukaa na namba ya chombo. Anayenunua pikipiki iliyotumika mnadani au kwa jirani, akiwa hajaipekua kwenye mfumo, anaweza kurithi faini za watu watatu waliomtangulia. Tena mfumo huo wa polisi haubebi kila kitu. Lori lililozidisha uzito kwenye mizani ya Nyakahura, upande wa Biharamulo, linadaiwa na TANROADS, wakala wa barabara, kwa sheria nyingine kabisa, ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari. Basi au daladala inaweza kuwa na deni la LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Mwenye gari anayesema "nimeangalia, sidaiwi" huenda ameangalia sehemu moja kati ya tatu.

Sasa aliyekana. Sheria inampa haki hiyo na hakuna sababu ya kuisema kwa ukali. Mwambie askari kwa adabu kwamba hukubali kosa, usilipe, na hapo hapo andika saa, mahali, na namba ya askari iliyo kwenye sare. Kama ni mwendo, omba uoneshwe picha ya tochi, kile kifaa cha kupimia mwendo: inapaswa kuonesha chombo chako na mwendo uliosomwa. Kisheria mwendo wa juu ndani ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na magari ya abiria pamoja na ya mizigo yanayozidi kilo 3,500 hayatakiwi kuvuka 80 hata barabara ikiwa tupu. Ubishi mwingi hauhusu mwendo wenyewe ila eneo: kibao kilikuwa wapi, kimeanguka, kimefunikwa na majani? Piga picha ya kibao, au ya mahali ambapo kingepaswa kuwa.

Ukishtakiwa, dhamana ya polisi haina malipo. Mahakamani utasomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli. Ukijibu "ni kweli", utasomewa maelezo ya kosa, na ukiyakubali pia, utatiwa hatiani. Kuanzia hapo mlango wa rufaa unabaki nusu: unaweza kulalamikia adhabu, si kutiwa hatiani kwenyewe. Ukijibu "si kweli", Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ndiyo yenye kazi ya kuthibitisha, kwa mashahidi na vielelezo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo hati ya mashtaka mtu anaweza kuisoma mwenyewe bila mkalimani. Aisome. Namba ya usajili iliyokosewa na tarehe isiyo sahihi ni mambo ya kuyasema mapema.

Nisifiche, lakini: kwa faini ya elfu kumi, kwenda na kurudi Ngara mara tatu kutakula zaidi ya faini yenyewe, na hakimu hafungwi na kile kiwango cha barabarani. Ningemshauri dereva akane pale kosa linapogusa leseni au ajira yake, au pale anapojua kwa hakika kwamba halikutendeka. Mengine mtu apime mwenyewe.

Hadi hapa nimezungumzia rekodi za madereva. Lakini mwenye haja kubwa zaidi na jalada la kesi ya barabarani mara nyingi hakuwa hata kwenye usukani. Ni mjane, ni aliyevunjika mguu, ni mama wa mtoto aliyegongwa akitoka shule. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo hupitisha malori ya Kigali mchana na usiku, na ya Bujumbura hukata kwenda Kabanga. Yakivuka mpaka hubadili upande, maana kwetu tunaendesha kushoto na wenzetu wa Rwanda na Burundi kulia. Ajali haziepukiki kabisa katika njia ya namna hiyo, na familia nyingi hudhani kwamba dereva akishatozwa faini mahakamani, mambo yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inasema hukumu ya jinai iliyomtia mtu hatiani, muda wa rufaa ukishapita, ni ushahidi kamili kwamba alitenda kosa hilo. Familia inapodai fidia, kwa bima au kwa kesi ya madai, haina haja ya kuanza upya kuthibitisha kwamba dereva aliendesha kwa hatari. Inaweka nakala ya hukumu mezani. Bila nakala hiyo, kampuni ya bima itakuzungusha. Na muda unakwenda: madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3. Dereva akikiri siku ya kwanza, kesi inaweza kuisha asubuhi moja, familia ikiwa bado iko hospitali Murgwanza, na hakuna atakayewapigia simu kuwaambia.

Njia ya kuipata nakala ya hukumu ni hii. Anzia kituo cha polisi kilichopokea ajali, kitengo cha usalama barabarani, ukiwa na tarehe, mahali na namba ya gari. Ulizia namba ya RB, ile ya kitabu cha taarifa cha polisi, na ya jalada, kisha uliza kama kesi imefunguliwa, katika mahakama gani, na kwa namba ipi. Hapa watu hukosea wilaya. Ajali ya Benaco au Rusumo ni ya Ngara, ila ya Nyakahura au Nyakanazi ni ya Biharamulo, hata kama wote waliokuwa ndani ya gari walitoka Nyamiaga. Ukiwa na namba ya kesi, nenda masjala ya mahakama hiyo na barua iliyoelekezwa kwa Hakimu Mfawidhi: taja namba ya kesi, jina la mshtakiwa, uhusiano wako na jambo hilo, na uombe vitu vitatu kwa majina yao, yaani hati ya mashtaka, mwenendo wa kesi na hukumu. Anayeomba "karatasi za kesi" hupewa karatasi moja.

Kama dereva naye alifariki, kesi haitakuwepo, maana maiti haishtakiwi. Hapo utategemea ripoti ya polisi ya ajali na mchoro wa eneo. Kama lori lilikuwa la nje, ulizia polisi nakala ya Kadi ya Njano ya COMESA, bima inayovuka mipaka. Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini imo kwenye mpango huo. Gari la ndani, bima yake inaweza kuhakikiwa kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Wengine huanzia mtandaoni, kwenye TanzLII, maktaba ya bure ya Mahakama ya Tanzania. Ni hazina, ila hukumu nyingi zilizomo ni za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Kesi ya Ngara ina nafasi nzuri ya kuonekana humo endapo ilikatiwa rufaa Mahakama Kuu, Bukoba. Taarifa ya nia ya kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, ukitoa siku za kusubiri nakala. Kwa sababu hiyo, weka kumbukumbu ya siku ulipoomba nakala na siku ulipoipokea, na barua yako ibaki na muhuri wa masjala.

Nakala ikitoka, isome kabla hujaondoka dirishani. Linganisha jina la marehemu na lile la cheti cha kifo, herufi kwa herufi, na namba ya gari na ile ya stika ya bima. Majina ya Kihangaza na Kishubi huandikwa kwa namna tatu katika ofisi tatu, na bima wakiona tofauti hiyo watakurudisha Ngara kuapa kiapo cha majina.