Nyaya za king'ora hupangwa kabla ya lipu

WENYE nyumba wengi wanaojenga katika miji kama Dar es Salaam na Mwanza hukumbuka king'ora cha kuzuia wezi baada ya rangi kukauka. Wakati huo kuta zimekwisha kupigwa lipu na dari limefungwa, hivyo fundi hulazimika kuchimbua ukuta upya au kupitisha nyaya nje, mahali ambapo hata mwizi anaziona.

Gharama ya kurudia kazi si hasara pekee. Mtambo uliopangwa vibaya unaweza kunyamaza siku unapohitajika.

Udhaifu huo ni wa siku nyingi. Mmarekani Augustus Pope, aliyepata hataza ya king'ora cha umeme mwaka 1853, aliunganisha milango na madirisha kwa namna ambayo kikifunguliwa kimojawapo, umeme ulipita na kengele ikalia. Katika utaratibu wa aina hiyo, waya uliokatwa hautoi dalili yoyote.

Mitambo ya sasa hufanya kinyume. Umeme mdogo hupita katika waya muda wote nyumba inapokuwa salama. Mlango ukifunguliwa au waya ukikatwa, umeme husimama na kisanduku kikuu huamsha king'ora.

Mwizi mwenye ujuzi anaweza kuunganisha nyaya mbili ili kuudanganya mtambo. Kwa sababu hiyo, rezista ndogo hufungwa mwisho wa waya, ndani ya kitambuzi chenyewe, ili kisanduku kigundue hila hiyo mara moja. Fundi mwenye haraka akiifunga ndani ya kisanduku, kinga hiyo hupotea.

Hatua ya kwanza katika kupanga ni kuchukua ramani ya nyumba na kutia alama kila mahali mtu anapoweza kupenya: mlango wa mbele, wa jikoni, madirisha, na hata paa, kwani bati huweza kung'olewa.

Milangoni hutumika swichi ya sumaku. Sumaku hufungwa kwenye mlango na swichi kwenye fremu. Chuma hudhoofisha nguvu ya sumaku, hivyo mageti na milango ya chuma huhitaji swichi maalumu iliyotengenezwa kwa ajili hiyo.

Vyumbani na kwenye korido huwekwa kitambuzi cha mwendo, kinachohisi joto la mwili linaposogea. Hufungwa kwenye kona, kwa kawaida kimo cha zaidi ya mita 2, na humnasa kwa urahisi zaidi mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayekijia moja kwa moja. Kisielekezwe kwenye dirisha lenye jua wala kiyoyozi, kwani joto linalobadilika ghafla huweza kukiamsha bure.

Inafaa kila kitambuzi kiwe na waya wake hadi kwenye kisanduku, ili mwenye nyumba ajue ni mlango au chumba gani kilichoguswa. Kitambuzi cha mwendo huhitaji nyuzi 6: mbili za umeme, mbili za taarifa na mbili za kutoa ishara kifuniko kikifunguliwa. Nyaya hizi zipite katika bomba lake, mbali na nyaya za umeme wa volti 230, kwa usalama na kwa kuepuka kelele za uongo.

Aidha, kisanduku kifichwe ndani, katika chumba ambacho nacho kina kitambuzi, na king'ora kifungwe juu asipofika mtu bila ngazi.

Umeme ukikatika, betri ndiyo tegemeo. Mtambo unaotumia miliampea 200 ukipewa betri mpya ya volti 12 yenye ampea-saa 7 unaweza kudumu, kwa hesabu, saa 35. Betri inayozeeka hudumu pungufu ya hapo, na joto la pwani huizeesha mapema.

Kabla ya lipu, kuta zipigwe picha ili njia za mabomba zijulikane baadaye. Kazi ikiisha, kila kitambuzi kijaribiwe peke yake, kisha umeme uzimwe na majaribio yarudiwe kwa betri.

Majaribio hayo yana faida nyingine. King'ora kinacholia ovyo kila usiku huzoeleka, na siku mwizi atakapoingia kweli, majirani watageuka upande wa pili na kuendelea kulala.